Mijusi wa Ukuta wa Magharibi

Juzi, kwenye kliniki moja hapa Ruiru, muuguzi alimpangusa binti yangu begani kwa pamba iliyolowa spiriti, na mimi niliyekwenda kumshika mkono asiogope sindano ndiye niliyetoka nje mbio. Nilisimama barazani nimeshika nguzo. Muuguzi alidhani nimeogopa damu. Haikuwa damu. Harufu ile ilikuwa imenirudisha Gatuanyaga, kwenye meza ya mbao ndani ya kibanda cha mama, ambapo mijusi sita walikuwa wamelazwa ubavu kwa ubavu, kila mmoja amefungwa namba mguuni kwa uzi. Wanne kati yao niliwakamata mimi.

Sijawahi kuisimulia habari hii yote kwa pamoja. Mama akiigusa, huigusa ukingoni tu. Baba haigusi kabisa. Lakini wale wa rika langu waliokulia upande ule wa Thika wanajua kware ni nini, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Kware yetu ilikuwa shimo la kuchimba mawe ya kujengea, kando ya barabara ya vumbi inayoteremka kuelekea Ngoliba. Nyumba nyingi za kupanga mnazoziona Kamakis zilitoka kwenye mashimo ya namna ile, jiwe baada ya jiwe, kwa nyundo na patasi. Baba alikuwa mkata mawe. Ndugu yake mama, Anko Njoroge, naye alikuwa mkata mawe, ila yeye alikuwa kijana bado, anapiga mluzi akiteremka ngazi na akipanda. Mama alikuwa na kibanda cha chai na githeri pale juu, karibu na tangi la maji, na mimi likizo zangu zote nilizimalizia hapo, miguu myeupe kwa unga wa mawe kama mtu aliyetembea kwenye posho mill.

Shimo lilikuwa na kuta tatu. Wa magharibi ndio uliokuwa mrefu kuliko zote, na kwa kuwa ulitazama mawio, ndio uliopokea jua la kwanza. Asubuhi uling'aa kama sufuria. Nilipokuwa mdogo nilipenda kuutazama. Baadaye nilianza kuona kwamba watu wazima walipopita chini yake waliacha kuongea mpaka wamalize kupita.

Anko Njoroge ndiye aliyenionyesha mijusi. Aliniita siku moja, "Muthoni, kuja uone majirani zangu." Kwenye nyufa za ukuta ule walikuwapo mijusi wadogo, urefu wa kidole changu cha kati, rangi ya jivu, wamebandikana na jiwe hivi kwamba ungewaona tu wakigeuza shingo. Lakini wakiinua kichwa, koo lilikuwa la njano kali, na juu ya njano ile mistari miwili myeusi imepinda kama mabano. Nyumbani tulisema njagathi, kama tunavyomwita mjusi mwingine yeyote. Anko aliwapenda kwa sababu walikula inzi na hawakumlipisha kodi.

Daktari Mumbua alitufikia akiwa na kiu. Alikuwa mwanamke mrefu, Mkamba wa upande wa Machakos, anafundisha chuoni, na mwezi ule alikuwa akizungukazunguka nyanda kavu kwa bodaboda akitafuta mijusi. Hatukujua hayo. Tulimwona tu mtu mwenye buti na mkoba akiagiza chai. Alikuwa ameinua kikombe mjusi mmoja alipotokea kwenye nguzo ya kibanda na kuinua koo lake la njano. Kikombe kilisimama hewani. Hakunywa, hakukiweka chini, mpaka chai ikaweka ngozi.

"Mama, huyu mnamwita nani?" aliuliza, taratibu kama anayeongea kanisani.

"Huyo?" mama akasema. "Si ni mjusi tu, madam."

"Mnawaona wapi wengine?"

Mama aligeuka kumtazama nyapara wa kware. Wakati ule ulikuwepo uvumi kwamba serikali inafunga kware kwa ajili ya mazingira, na mtu mwenye mkoba anayeuliza maswali hakuwa mtu wa kujibiwa upesi. Nyapara, mtu mfupi mwenye kofia ya plastiki ya manjano, ndiye aliyeuliza, "Ukipata huyo mnyama wako hapa, sisi tutaambiwa twende wapi?"

"Sijaja kufunga kware ya mtu," Daktari alisema. "Lakini nisikudanganye. Nikiandika, wakubwa watasoma. Watakachofanya sikijui."

Nilimpenda kwa jibu lile, ingawa halikumfurahisha mtu. Na kwa kuwa watu wazima hawakutaka kumwonyesha, nilimwonyesha mimi. Nilikuwa na miaka kumi.

Kwa siku tano kibanda cha mama kiligeuka kuwa kitu ambacho hata sasa sikipatii jina. Daktari alinifundisha kutengeneza kitanzi cha uzi kwenye ncha ya fimbo ndefu, kukiteremsha polepole mbele ya pua ya mjusi, na kuvuta. Mjusi hajui uzi. Anautazama unavyokuja. Alipowapata alipima kutoka puani hadi mwanzo wa mkia kwa rula ndogo ya chuma, akahesabu magamba ya mdomoni kwa kioo cha kukuzia, akageuza vidole, akafungua kitabu na kulinganisha. "Wa upande wa pwani ana mistari mitatu," alisema peke yake. "Wa Magadi hana njano. Huyu... huyu si wao." Alirudia kuhesabu magamba mara tatu.

Rangi ndiyo iliyomharakisha. Alisema wakiingia kwenye spiriti rangi hupotea, kwa hiyo lazima iandikwe wakiwa wabichi. "Wewe una macho mazuri," aliniambia. "Njano hii ni ya nini?"

"Ya kiini cha yai."

"Yai gani?"

"La kienyeji. Si la gredi."

Alicheka, akaandika hivyo hivyo nilivyosema.

Aliwadunga sindano ndogo kifuani. Mimi, kwa kuwa aliitwa Daktari na kwa kuwa alikuwa na sindano, nilidhani anawatibu. Walilegea, macho yakabaki wazi, akawapanga mezani akiwanyoosha vidole kimoja kimoja kama mama anayemvalisha mtoto soksi. Nilingoja waamke. Nilipomuuliza watalala mpaka saa ngapi, akasema, "Hawaamki, Muthoni. Mmoja wao atakuwa shahidi wa jina. Mtu yeyote duniani akitaka kujua mjusi huyu ni nani, atakuja kumtazama yeye."

"Na wale watano?"

"Watakuwa na yeye."

Jambo jingine alilosema ndilo lililonikosesha raha. Alimwambia baba, akijizuia kufurahi, kwamba hii ni aina mpya. Mpya! Sikuwa na maana nyingine ya neno hilo zaidi ya ile ya viatu na madaftari. Mhubiri wetu, kwenye kanisa la mabati, alikuwa amehubiri wiki zile kuhusu siku za mwisho na viumbe vitakavyotoka shimoni. Nikaunganisha. Watu wamechimba hadi wakafika mahali pasipofaa, na hawa wametoka humo juzijuzi, labda hawa ndio wote walioko, na mimi nimeua wanne. Sikumwambia mtu. Mtoto akishaogopa kitu kikubwa, hukiweka mahali pa siri na kukilisha.

Daktari alipoondoka aliniachia daftari la jalada la bluu. Alitaka kujua mijusi wanatoka saa ngapi na wangapi. Kila asubuhi, jua likishagonga ukuta wa magharibi, nisimame mahali pamoja kando ya tangi, nihesabu, niandike. Likizo ya Aprili ilikuwa imeanza. "Andika unachokiona tu," aliniambia. "Hata kama ni sifuri. Sifuri nayo ni habari. Na siku ya baridi usishangae, siku ya baridi hawatoki."

Siku ya kwanza walikuwa kumi na mmoja. Ya pili, kumi na wawili. Ya tatu, kumi na mmoja. Anko Njoroge alipopita na nyundo begani aliuliza, "Majirani wangapi leo?" Nikamwambia. "Poa. Basi wako nyumbani," akasema, akateremka akipiga mluzi. Ikawa mchezo wetu. Hata wenzake walianza kungoja jibu kabla ya kushika ngazi, wakicheka.

Kisha mvua ikaja. Ilinyesha usiku, mvua ile ya Aprili inayopiga mabati hadi huwezi kusikia mtu wa kitanda kimoja, na asubuhi jua lilitoka safi kabisa, joto, vumbi limelala. Nilihesabu saba. Nikangoja, nikahesabu tena. Saba. Kesho yake wanne. Kesho yake mmoja, yuko juu kabisa karibu na nyasi, kichwa kimeelekea nje ya shimo. Halafu hapakuwa na mjusi hata mmoja kwenye ukuta ule, na jua lilikuwa kali.

Nilijua kwa nini, au nilidhani najua. Walikuwa wamesikia harufu yangu. Walikuwa wamehama wasije wakafungwa namba miguuni. Na Daktari atakaporudi na kuona sifuri ataelewa kwamba nimewamaliza au nimewafukuza, na kazi yake imeharibika kwa mkono wangu. Nilikaa kando ya tangi, kalamu mkononi. Niliandika: kumi na mmoja.

Niliandika kumi na mmoja siku ile walipokuwa saba, nikirudi nyuma na kufuta kwa mate. Niliandika kumi na mmoja siku ya wanne na siku ya mmoja. Siku tatu za sifuri niliandika kumi na mmoja, kwa mwandiko mzuri, na tangu ile ya saba jibu langu kwa Anko lilikuwa hilo hilo.

Asubuhi ya mwisho Anko Njoroge alisimama mbele yangu. Alikuwa amevaa sweta ya kijani yenye tundu kiwikoni. "Majirani?"

"Kumi na mmoja."

Alitazama ukuta, akakunja macho kwa sababu ya jua. "Mimi sioni hata mmoja. Macho yangu yamezeeka."

"Wako," nikasema.

"Haya basi. Wako nyumbani."

Mama alikuwa akigeuza mandazi na mimi nilikuwa naosha vikombe. Haikuwa kishindo kama watu wanavyofikiri. Ilikuwa sauti ya lori linalomwaga kokoto, ndefu, haiishi, na nikainua kichwa kutafuta lori. Kisha kimya. Vumbi lilipanda kutoka shimoni na kutufikia kabla ya makelele, likaingia kwenye mafuta yaliyokuwa yakichemka. Mama aliacha kijiko. "Ngai," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Baba alitokea kwenye ngazi, mweupe kutoka nywele hadi viatu, akiita majina. Kila jina liliitikiwa. Aliita la Njoroge mara moja, akangoja. Akaliita tena. Nilimwona baba akirudi chini.

Walichimba kwa mikono na mitaimbo kwa sababu waliogopa kuleta mashine. Walimtoa alasiri, wakamfunika na turubai. Sweta ya kijani haikuwa ya kijani tena.

Tulimzika Jumamosi. Watu waliimba, walikula, waliondoka, na katika yote hayo nilikuwa na daftari la bluu ndani ya gauni langu, limebana tumboni kwa lastiki ya suruali ya ndani, kwa sababu niliona hatari kuliacha nyumbani na hatari kulitupa.

Daktari Mumbua alirudi baada ya wiki tatu hivi, hajui lolote. Mama alimpokea, akamwambia, na Daktari akaketi ghafla kwenye kiti cha uani bila kukaribishwa. Baba alikuwapo. Siku zile alikuwa nyumbani sana, akinoa patasi ambazo hazikuhitaji kunolewa. Baada ya pole na chai Daktari alisema atakwenda, hatasumbua. Mama ndiye aliyesema, "Muthoni, mletee Daktari kitabu chake."

Alifungua. Alipitisha kidole chini kwenye ukurasa. Kumi na mmoja, kumi na mmoja, kumi na mmoja.

"Muthoni," akasema, "mijusi hawako hivi. Hawaji kazini kama watu. Hata siku baada ya mvua?"

Nilitazama kidole chake kwenye ukurasa.

"Nitaandika hizi kwenye karatasi ya utafiti, na watu wataziamini. Niandike?"

Nilimwambia, "Usiandike." Kisha yakatoka yote: saba, wanne, mmoja, sifuri, sifuri, sifuri. Nilisema niliogopa atajua nimewafukuza. Nililia hadi kamasi zikanifika kidevuni, na hakuna aliyenifuta, kwa sababu mama alikuwa ameziba mdomo kwa leso na patasi ya baba ilikuwa imenyamaza.

"Njoroge alikuuliza?" baba akasema.

"Aliniuliza."

"Asubuhi ile?"

"Ndiyo."

"Ukamwambia nini?"

"Kumi na mmoja."

Baba alisimama, akaenda hadi kwenye ua wa michongoma, akakaa huko ametupa mgongo. Daktari alimfuata hatua chache. "Baba Muthoni, tafadhali. Mjusi huhama kwa mambo mengi. Maji yakiingia kwenye ufa, wadudu wakihama, jiwe likianza kutikisika kidogo kuliko tunavyoweza kuhisi. Si kwamba walijua. Na mtoto asingejua."

"Nimeelewa, Daktari," baba alisema bila kugeuka. "Mtoto sina neno naye. Lakini ningeambiwa wamehama, ningeuliza kwa nini."

Nimeyabeba maneno hayo kwa miaka yote hii. Hayakuwa ya kunilaumu. Ingekuwa lawama, ningeweza kujitetea.

Daktari alichora mstari juu ya kila kumi na mmoja ya uongo, akaniambia niandike pembeni hesabu ya kweli kwa mkono wangu na kuweka jina. Halafu akamgeukia mama. Alisema mgunduzi ana haki ya kuchagua jina la mnyama, na kwa kuwa marehemu ndiye aliyewaonyesha kwanza, angependa mjusi yule achukue jina la Njoroge, na litaishi vitabuni.

"Aca, hapana," mama alisema upesi. Kisha akajirekebisha, kwa heshima. "Asante, Daktari. Lakini jina la ndugu yangu lina mwenyewe." Aliweka mkono tumboni. Hapo ndipo nilipojua. Ndugu yangu alizaliwa mwisho wa mwaka, na ndiye Njoroge hadi leo. Mjusi aliitwa kwa jina la kigeni linalomaanisha mwenye koo la njano. Daktari alituletea karatasi yenyewe ilipochapishwa, kurasa nyingi, picha za magamba, vipimo, na mahali fulani mistari miwili kuhusu ukuta wa magharibi na mijusi waliouhama kabla haujaanguka. Baba aliomba atafsiriwe mistari hiyo tu.

Lakini hilo lilikuwa mbele. Kabla ya hapo kulikuwa na kware, kwa sababu watu lazima wale. Kazi ilirudi baada ya mwezi, kwenye ukuta wa kusini, na mijusi walikuwa wamehamia huko huko. Siku ya kwanza ya kazi ilikuwa Jumamosi. Baba aliniamsha mapema. "Vaa," akasema. Tulitembea hadi kando ya tangi. Watu walikuwa wamesimama na nyundo zao, hakuna aliyeshika ngazi.

"Wangapi?" baba aliniuliza.

Sikuelewa kwanza. Kisha nikaona wote wananitazama, wanaume wenye ndevu, wenye watoto niliosoma nao. Nilihesabu. "Tisa," nikasema. Wakateremka.

Ikawa hivyo kila Jumamosi, na likizo ya Agosti ikawa hivyo kila siku. Hakuna aliyecheka tena kama enzi za Anko. Nyapara aliona ni upuuzi, akasema watu wazima wanapewa ruhusa na mtoto wa shule na mjusi. Waliendelea kungoja hesabu yangu. Usingizini nilihesabu. Nilipokula nilihesabu mbegu za maharagwe.

Kisha ikaja asubuhi moja ya Agosti, ya ukungu na baridi ile inayoingia kwenye meno. Nilisimama mahali pangu. Ukuta ulikuwa wa kijivu, umelowa, na hapakuwa na kitu juu yake. Nilitafuta ufa kwa ufa hadi macho yakatoa machozi.

"Wangapi?"

Nilikumbuka alichosema Daktari kuhusu baridi. Nilijua huenda walikuwa wamejikunja ndani, salama, wakingoja jua. Ningesema hivyo na watu wangeshuka. Nilitazama ngazi.

"Sioni hata mmoja," nikasema. "Ni baridi, na kwenye baridi hawatoki. Lakini sijui kama ni baridi. Sijui, baba."

"Haya, mmesikia, ni baridi tu!" nyapara akapaza sauti. "Shukeni!"

Baba aliweka nyundo yake chini. "Amesema hajui." Akaketi kando ya nyundo. Mmoja baada ya mwingine wakaweka nyundo chini, wakakaa, na nyapara akatukana mpaka akachoka, akaenda zake. Mama alipika chai ya pili na ya tatu. Tulikaa hivyo, watu zaidi ya ishirini, tukiutazama ukuta usio na kitu.

Karibu na saa sita ukungu ulipasuka. Jua lilishuka kwenye jiwe polepole, kutoka juu kwenda chini. Mjusi wa kwanza alitoka, akabaki tuli. Akatoka wa pili. Nilisikia watu wakisimama nyuma yangu, vyuma vikigusana. Hakuna aliyeshangilia. Walikuja wakasimama karibu, karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi zao, na baba akainama hadi usawa wa sikio langu.

"Sasa wangapi?"

Nilihesabu mara mbili kabla ya kufungua mdomo.